Judo ni jujutsu iliyobadilishwa jina tu?

Soweto_Mbeya: Wakuu, tunaanza mazoezi ya judo. Tofauti yake na jujutsu, ile sanaa ya jadi ya mapigano ya Japani, ni ipi hasa?

Uyole: Si jina tu mkuu. Jigoro Kano, mwasisi wa judo, alianzisha shule yake ya Kodokan, Tokyo, mwaka 1882, akichanganya mitindo miwili ya jujutsu: Tenjin Shinyo-ryu na Kito-ryu. Ngumi na mateke aliyabakiza kwenye kata tu (mazoezi ya hatua zilizopangwa), ndiyo maana mnaweza kupambana kwa nguvu zote bila kuumizana sana. Kiini chake ni kuzushi: mvute apoteze mizani *kabla* ya kumtupa. Wengi wanakimbilia kunyanyua, mgongo unaumia.

Kihesa_Iringa: Kwanza jifunzeni kuanguka. Kidevu kifuani, mkono upige mkeka nyuzi 45 hivi kutoka mwilini. Ukitanguliza kiganja nyuma, kifundo cha mkono kinaweza kuvunjika. Baridi hii ya Juni, pasheni mwili dakika 15.