Barua ya kudai pesa za picha: tulipe, tujibu au tuitupe?

Mwenye nyumba ya wageni, Langoni
Assalaam alaykum. Ofisi moja ya Ulaya imeniletea barua pepe. Wanadai euro 700, yaani shilingi laki moja na ushei za Kenya, ndani ya siku 14, kwa picha moja ya jahazi iliyokuwa kwenye tovuti yangu. Kijana aliyenitengenezea tovuti aliiokota Google. Jahazi ni la Shela, hapa kwetu Lamu, tanga lina kiraka cha gunia, na aliyeshika usukani ni ami yangu. Mgeni kasimama ufuoni akapiga, leo anilipishe mimi? Wenzangu wengi hapa mjini wanasema niifute, barua niitupe. Nyinyi mwasemaje?

Mpiga picha, Mkomani
Ndugu yangu, usiitupe. Najua nitaudhi watu, lakini nasema.

Mimi hupiga picha za Maulidi. Kuna moja ya mashindano ya punda, vumbi limetimka na mtoto amelala juu ya shingo ya punda wake. Nimeikuta kwenye tangazo la watu nisiowajua, jina langu lililokuwa pembeni mwa picha limekatwa. Nimewaandikia mara tatu, kimya. Sheria inayokubana wewe ndiyo ninayoitegemea mimi.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 haiulizi jahazi ni la nani. Inauliza nani alipiga picha. Wala hana haja ya kuisajili, na akiwa Mzungu ni yale yale, maana Kenya imo tangu 1993 katika Mkataba wa Berne, ule wa nchi kulindiana hakimiliki. Ami yako ana haki juu ya sura yake, kwa Ibara ya 31 ya Katiba inayolinda faragha, lakini hilo ni dai lake yeye. Halikupi wewe ruhusa ya kuitumia picha.

Ila kuwepo kwa deni hakufanyi bei yao kuwa ndiyo bei. Barua hizi huandikwa kwa wingi, programu ikishapekua mtandao na kulinganisha picha. Aliyeandika si hakimu. Kwanza hifadhi nakala ya ukurasa wako ulivyokuwa, kisha ondoa picha, na kwenye hifadhi ya tovuti pia, si kwenye ukurasa tu. Halafu uliza: nani alipiga, uko wapi mkataba unaowaruhusu kudai kwa niaba yake, na leseni ya picha hii, yaani ruhusa ya kuitumia, huuzwa kiasi gani?

Hilo la mwisho ndilo zito. Kifungu cha 35 cha sheria yetu kinamruhusu mwenye haki, badala ya fidia, achague mrabaha, yaani malipo ya kadiri ambayo mwenye leseni angelipa. Kama leseni ni euro 50, laki inatoka wapi? Na wakikutajia dola 150,000, hicho ni kilele cha sheria ya Marekani kwa anayevunja haki kwa makusudi, tena kazi iwe imesajiliwa huko kwa wakati. Si sheria ya Lamu.

Msimamizi wa hoteli, Malindi
Sikubaliani. Ukijibu umekiri. Mimi nilipata barua mbili, nikafuta picha, nikanyamaza. Huu mwaka wa tatu. Nani atasafiri kushtaki kwa laki moja, na wakili peke yake anakula zaidi?

Mpiga picha, Mkomani
Kunyamaza kumekufaa, sikatai. Lakini kuuliza si kukiri. Usiandike "samahani, niliichukua". Andika "nimepokea, picha nimeiondoa, naomba uthibitisho". Wala hawalazimiki kusafiri: wanaweza kuweka wakili hapa hapa Kenya, na hukumu ya Uingereza husajiliwa Mahakama Kuu yetu.

Na mimi nisiye na wakili je? Walionichukulia picha ya punda wanafanya hesabu yako hiyo hiyo: huyu hana pesa za kutufuata.

Mwenye nyumba ya wageni, Langoni
Nimewaandikia jana usiku, maswali yote matatu. Wakinionyesha bei ya leseni nitailipa hiyo, zaidi ya hapo tutaonana kwa wakili. Kijana wa tovuti nimemwambia kila picha iliyobaki anionyeshe ilikotoka.

Mpiga picha, pale juu ya ukurasa sasa pako wazi. Unayo ya jahazi la Shela? Nitajie bei.