Kibali cha Ujerumani na safari za Ulaya

Swali: Nimehamia Leipzig kikazi na tayari nina kibali cha ukaazi. Je, naweza kuzuru nchi jirani bila viza? Na upweke wa majira ya baridi mnaukabili vipi?

Jibu: Ndugu, kibali hicho pamoja na pasipoti halali vinakuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen (nchi za Ulaya zilizokubaliana kuondoa ukaguzi wa kawaida wa mipakani kati yao) kwa siku zisizozidi 90 katika kila kipindi cha siku 180. Ireland haimo.

Jibu: Ukiwa mkaazi unaweza pia kununua tiketi ya treni ya Interrail, inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, ingawa ndani ya Ujerumani yenyewe hukubaliwa kwa safari moja ya kutoka na moja ya kurudi.

Jibu: Kuhusu upweke, nakusihi ujiunge mapema na kwaya au chama cha michezo cha mtaani, hata kama Kijerumani chako bado ni kichanga.