Familia ya Slater kwenye EastEnders: mbona mimi sikushtuka?

BintiTanga
Wakuu za jioni. Mimi nabeba maboksi huku Uingereza, namtunza bibi mmoja wa kizungu nyumbani kwake, na sharti lake ni moja tu, ikifika saa moja na nusu usiku EastEnders ikianza hakuna kuongea, chai iwe mezani, dawa baadaye. Mwaka wa tatu huu, nimeshakuwa teja wa hiyo tamthilia kuliko yeye.

Sasa juzi akaniwekea kipande cha zamani cha 2001. Kat Slater anagombana na mdogo wake Zoe, Zoe anataka kwenda kuishi Hispania kwa anko wao Harry, Kat hataki, Zoe anamwambia huwezi kunipangia wewe sio mama yangu, Kat anapiga ukelele kwamba ndiye mama yake! Kumbe yule anko alimbaka Kat akiwa na miaka 13, Zoe akazaliwa, akalelewa kama kitindamimba wa nyumba. Bibi ananitazama anasubiri nishtuke. Nimeshika kikombe tu, nawaza hawa kwetu wapo wengi, tunawaita watoto wa bibi na hakuna anayeuliza baba ni nani.

Swali langu: ukoo huohuo wa Slater kuna Stacey na mama yake Jean, wote wana baipola (ule ugonjwa wa akili wa hisia kupanda sana na kushuka sana). Je ugonjwa ni wa damu au ni mambo ya utotoni? Maana naona kama familia moja imerundikiwa kila balaa.

KakaWaIlala
Dada ingekuwa tamthilia ya kwetu huyo Stacey kesharogwa na mke mwenza, epsodi ya tatu mganga kapatikana, ya nne kapona, tunaenda harusini 😂😂

NesiDodoma
Kaka umechekesha ila ndo ilivyo. Hata sisi humu mtu akitaja Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili ya hapa Dodoma, watu wanacheka kwanza.

BintiTanga hayo mambo mawili usiyachanganye mdogo wangu. Baipola kweli hutembea kwenye ukoo, mama akiwa nayo mtoto yuko kwenye hatari zaidi ya wengine, ila si lazima aipate. Kufanyiwa unyama utotoni ni kitu kingine, hakileti ugonjwa mmoja unaojulikana, mwingine anapata sonona, mwingine pombe, mwingine halali usiku, mwingine anaonekana mzima kabisa mpaka siku binti yake anafika umri uleule aliofanyiwa yeye. Kat anavaa vya kubana, ana mdomo mchafu, anacheka kwa sauti, mtaa mzima unamuona malaya tu. Kwangu hapo ndo waandishi walipatia.

Stacey nae alikuwa keya, yaani mtunzaji, wa mama yake tangu mdogo, kama wewe na bibi yako ila bila mshahara. Mtoto anachunguza kama mama kameza vidonge au kavitupa. Hakupigwa wala hakubakwa utotoni, lakini utoto hakuupata. Yeye mwenyewe akaja kuambiwa ana baipola 2009.

MzeeWaPwani
Na mwaka huohuo Krismasi wakamfanya muuaji! Yule mzee mbaya Archie Mitchell kapigwa na sanamu ya malkia pale pub, kuja kufichuliwa Februari 2010 kwenye ile epsodi ya laivu ni Stacey. Hapo mimi nilikasirika wanangu. Watu tayari wanaogopa wagonjwa wa akili, nyie mnawapa kisu tena.

NesiDodoma
Nakubali nusu mzee wangu. Lakini Archie alimbaka Stacey wakati Stacey ni mgonjwa. Ukishaitwa kichaa ushahidi wako umekufa, nani angemsikiliza?

MzeeWaPwani
Hilo sina la kubisha. Na hilo la Harry niongeze kidogo, yule ni ndugu wa baba yao, kwa hiyo kwetu haitwi anko, anaitwa baba, mdogo au mkubwa. Mtoto anaanzaje kusema "baba kanifanyia"? Hata neno la kumshtakia hana.

MamaJunia
Mimi ya Kat sikuiona ila ya Stacey na kachanga kake Arthur nilishindwa kumaliza. Anaamini mtoto ni mwana wa Mungu, wanampeleka hospitali bila mtoto, wanahangaika kumtafutia nafasi wodi ya mama na mtoto. Mdogo wangu alipojifungua alikuwa hivyohivyo, siku ya nne halali, anaongea haraka, anasema mwanae ni nabii, na sisi walokole tukasema AMINA. Wiki mbili za maombi na mafuta! Aliyesema hiki ni kichaa cha uzazi ni mkunga mstaafu, jirani tu, alikuja kuomba chumvi. Hospitali alikaa mwezi, maziwa yakakauka, mtoto tukamnywesha ya kopo. Saa hizi yuko darasa la pili msumbufu huyo, mama yake anauza maandazi na dawa anameza. Ila mpaka leo nyumbani kwetu likitajwa neno nabii yeye anatoka nje.

BintiTanga
Dah pole sana dada MamaJunia, na mpe pole mdogo wako.
Mzee hiyo ya kumwita baba imenichoma, sikuwahi kuiwaza.

KakaWaIlala
Hiyo ya 2001 naipata wapi

BintiTanga
Andika Kat na Zoe YouTube kipo. Ngoja nikabandike maji, saa moja na robo hii na bibi keshaanza kugonga fimbo.