Mrejesho: yule mtembeza wageni aliyeogopa kuumbuka

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliwauliza nifanyeje: nina kibali cha kutembeza wageni Mji Mkongwe, lakini kila siku nahisi nimekipata kwa bahati tu na ipo siku nitaumbuka. Dada mmoja akanambia wanasaikolojia Clance na Imes waliieleza hali hii tangu 1978, kwa wanawake waliofaulu. Wallahi nililia. Kumbe si mimi peke yangu.

Juzi pale Mkunazini mgeni akaniuliza soko la watumwa lilifungwa lini. Viganja vilirowa jasho. Nikajibu: 1873, enzi ya Sayyid Barghash. Akauliza jengine. "Hilo silijui, nitakutafutia." Akaitikia kwa kichwa, tukaendelea. Usiku nikampelekea jibu.

Woga bado upo, ila asubuhi chai sasa inapita kooni. Ahsanteni sana.