Fimbo ya besi kwa jigi na minyoo: NRX+, Legend Xtreme au Champion Extreme?

Mshipi_wa_Texas

Ndugu wavuvi, salaam. Ninaishi Texas, na maji ninayoyajua zaidi ni ya Lake Fork, bwawa ambalo miti mingi iliachwa imesimama lilipojazwa maji, kwa hiyo chini kumejaa visiki na matawi. Huvua samaki aitwaye besi wa mdomo mkubwa kwa jigi (ndoana yenye kichwa kizito inayokokotwa chini) na kwa minyoo ya plastiki yenye chubwi za gramu 10 hadi 14. Baada ya kuweka akiba kwa muda, nataka kununua fimbo moja tu ya daraja la juu, yenye urefu wa futi 7 na kidogo, kwa ajili ya rili (kifaa cha kukunjia mshipi) inayokaa juu ya mpini.

Nimebakiwa na tatu: G. Loomis NRX+, St. Croix Legend Xtreme na Dobyns Champion Extreme. Zote nimezishika dukani na zote ni nyepesi. Nisichoweza kukipima nikiwa dukani ni ipi inafikisha mkononi mguso mdogo kabisa wa samaki, ipi ina mkunjo unaofaa kazi hii, na ipi itatulia kiganjani siku nzima bila ncha kuinamia maji. Naomba wenye uzoefu wanieleze pia sababu za tofauti hizo, kwa kuwa sitaki kununua jina.

Chubwi_Minnesota

Ndugu yangu, swali lako la kwanza ndilo linalobeba sehemu kubwa ya bei, kwa hiyo nianze hapo. Mguso wa samaki husafiri kama mtetemo kupitia mshipi, kisha ncha, kisha mwili wa fimbo hadi kiganjani, na kila gramu inayoongezwa njiani, hasa karibu na ncha, huufifisha. Nyuzi za kaboni zenye ukakamavu mkubwa humwezesha fundi kupata nguvu ileile kwa kutumia malighafi kidogo, na huko ndiko wepesi unakotoka. Hata hivyo nyuzi hizo hushikamanishwa na rezini, ambayo huongeza uzito bila kuongeza ukakamavu wa maana. G. Loomis walipotoa NRX ya kwanza mwaka 2010, jambo lililoitofautisha lilikuwa rezini ya 3M yenye chembe ndogo mno za silika, iliyowawezesha kupunguza uzito bila kuifanya fimbo kuwa dhaifu. Vipete vya mshipi navyo vina sehemu yake: fremu za titani ni nyepesi kuliko za chuma, na wepesi huo unaonekana zaidi kwenye vipete vya mwisho kuelekea nchani.

Nimevua kwa NRX+ na kwa Legend Xtreme. Kwa mkono wangu NRX+ hutambulisha vizuri zaidi jigi inapotoka kwenye tope na kuingia kwenye changarawe, lakini tofauti hiyo ni ndogo kuliko inavyoandikwa na wengi. Tofauti kubwa zaidi huletwa na mshipi. Nailoni hunyumbuka na kula sehemu ya mguso kabla haujafika kwenye fimbo. Fluorokaboni ni nzito kuliko maji, huzama, na kwa jigi inayokokotwa chini hukaa karibu na mstari ulionyooka. Mshipi wa kusokotwa haunyumbuki karibu kabisa, ila ukilegea haukuambii mengi. Mtu anayefunga nailoni laini kwenye fimbo ya dola 500 amelipia hisia ambazo hazitamfikia.

Tahadhari moja: kaboni yenye ukakamavu mkubwa haisamehe kukunjwa kupita kiasi. Samaki akiwa ubavuni mwa mashua, usiinue fimbo ikawa wima huku mshipi ukiwa mfupi, kwa sababu mzigo wote huhamia kwenye ncha.

Mafunjo_Naivasha

Ninaandika kutoka Kenya, ambako besi wa mdomo mkubwa waliletwa Ziwa Naivasha mwaka 1929, na hadi leo wapo wanaowafuata kwa chambo bandia kando ya mafunjo na magugu maji. Mazingira hayo yanafanana na visiki vyako kwa jambo moja: samaki akishaguswa na ndoana, una muda mfupi sana wa kumgeuza.

Ndiyo maana ninaona mkunjo ni muhimu kuliko hisia. Ndoana ya jigi au ya mnyoo ni moja, nene, na mara nyingi imefichwa ndani ya plastiki, kwa hiyo inahitaji fimbo inayokunjika karibu na ncha pekee kisha ikakaza mara moja. Fimbo inayokunjika hadi katikati inafaa chambo cha kupiga mbizi chenye ndoana za ncha tatu, ambazo hutoka mdomoni samaki akivutwa kwa nguvu. Kwa chambo hicho wengi bado wanapenda fimbo za nyuzi za kioo.

Usiyaamini maandishi yaliyo juu ya mpini. Hakuna kipimo kimoja kinachowafunga watengenezaji wote, na fimbo mbili zilizoandikwa nguvu ileile zinaweza kuachana sana. William Hanneman alibuni njia ya kulinganisha kwa kutumia sarafu: fimbo hufungwa mlalo, sarafu huning'inizwa kama uzito kwenye ncha hadi ishuke kwa theluthi ya urefu wa fimbo, kisha hupimwa uzito uliotumika na pembe ya ncha. Uzito huonyesha nguvu, na kadiri pembe inavyokuwa kubwa ndivyo mkunjo ulivyo wa haraka, yaani fimbo hukunjika karibu na ncha. Kama una rafiki mwenye mojawapo ya fimbo hizo, mwombe mjaribu pamoja.

Mshipi_wa_Texas

Nashukuru sana nyote wawili. Rili yangu ina uzito wa takriban gramu 200. Je, hilo linabadilisha jambo lolote kuhusu mizani, yaani jinsi fimbo inavyotulia mkononi?

Chubwi_Minnesota

Linabadilisha sana. Nenda dukani na rili hiyo ikiwa imejazwa mshipi, ifunge kwenye kila fimbo, kisha uiegemeze fimbo juu ya kidole mbele kidogo ya rili. Inayotulia hapo haitakuchosha, hata kama kwenye mzani ni nzito kuliko nyenzake. Dobyns wanasifika kwa jambo hili, kwani fimbo zao husawazishwa ziwe nyepesi upande wa ncha, na kwa uvuvi wa kushikilia ncha juu kwa saa nyingi ukingoja mguso, faida hiyo ni ya kweli. Kuongeza uzito kwenye kitako cha fimbo nyingine kunawezekana, ingawa unatibu mizani kwa kuongeza mzigo. Rili ya gramu 150 ingeipa NRX+ wepesi zaidi, lakini ncha yake ingeinama zaidi kuliko kwa rili uliyo nayo.

Kwa visiki vya Lake Fork, chubwi ulizotaja na rili hiyo, mimi ningechukua Champion Extreme, na fedha itakayobaki ningeitumia kwa fluorokaboni nzuri. NRX+ ningeichagua endapo ungekuwa unavua maji ya kina kirefu na ya baridi, ambako besi humeza jigi bila kuivuta.