Aisii mbili sambamba au transista za nje: ipi ibebe mzigo wa omu 2?

Fundi_Njiro (Arusha)
Ndugu mafundi, ninayo amplifaya ya LM3886 (aisii, yaani chipu ya kukuza sauti) inayolishwa volti 28 chanya na volti 28 hasi, na inaendesha spika moja ya omu 8 bila shida. Mwenye ukumbi mmoja hapa Njiro anataka spika nne za aina hiyo kwenye chaneli moja, na nikiziunga zote sambamba mzigo unashuka hadi omu 2. Wimbi likifika volti 24, spika moja huvuta ampea 3, hivyo zote nne zitavuta ampea 12, ilhali mtengenezaji anaidhamini aisii hii kwa ampea 7 tu. Besi ikizidi, ulinzi wa ndani unafanya kazi na sauti inakwaruza. Je, niunge aisii ya pili sambamba, au niongeze transista za 2SC5200 na 2SA1943 kwenye njia ya kutokea?

MzeeSpea (Moshi)
Transista hizo hubeba ampea 15, lakini kwa omu 2 nisingeweka chini ya jozi mbili. Volti kati ya besi na emita (miguu miwili ya transista) hupungua takriban milivolti 2 kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka, kwa hiyo transista iliyopata moto hupitisha mkondo zaidi, na mkondo huo huizidishia moto hadi iungue. Kila emita iwekewe resista ya omu 0.22, na transista ya bayasi (inayopanga mkondo wa kuanzia wa hizo nyingine) ifungwe kwenye hitisinki ileile, yaani bati la kupooza joto. Tena, transista za namba hizo zina bandia nyingi mno.

BintiUmeme (Arusha)
Shikamoo, Mzee. Mimi ningechagua aisii mbili, kila moja ikitoka kupitia resista ya omu 0.1, kwa kuwa ulinzi wake unabaki palepale na kila moja inabeba ampea 6. Sharti lake ni ukuzaji ulingane. Zikitofautiana kwa asilimia 1 tu, kwenye volti 24 tofauti ni volti 0.24, nayo ikigawanywa kwa omu 0.2 inazaa ampea 1.2 zinazozunguka kati ya aisii hizo bila kufika kwenye spika. Kabla ya kuziunganisha, zipe mawimbi yaleyale, kisha pima kwa mita ya AC kati ya matokeo yake mawili.

Fundi_Njiro
Na kuziunga kwa mtindo wa daraja, kila aisii ikisukuma ncha moja ya mzigo kinyume cha mwenzake?

BintiUmeme
Hapana. Daraja huongeza volti, na kila aisii ingeuona mzigo huo kama omu 1.

MzeeSpea
Marahaba, binti. Kwa hesabu hiyo ya ulinganifu nakubaliana nawe. Ila Fundi hajatuambia habari za transfoma wala waya. Kwa wati 144 mfululizo kwenye omu 2, umeme unaolishwa ni wati 200 na ushee. Waya wa milimita 1.5 za mraba wenye urefu wa mita 20, kwenda na kurudi, una karibu omu 0.47, hivyo kwenye mzigo wa omu 2, takriban moja ya tano ya nguvu itaishia kwenye waya.

Fundi_Njiro
Transfoma yangu ni ya VA 160, haitoshi kwa wati hizo 200. Basi kwa sasa nitaunga spika mbili mbili kwa mfuatano, kisha jozi hizo sambamba, nibaki na omu 8. Kila spika itapata wati 9 hivi, na ukumbi wenyewe si mkubwa. Aisii ya pili itasubiri transfoma.