Miji ya Marekani ikipungukiwa watu, wanaobaki wanafaidi au wanaumia?

Mleta Hoja: Wakuu, Detroit mwaka 1950 ilikuwa na watu karibu milioni 1.85. Sensa ya 2020 ilikuta 639,000. St. Louis imetoka 857,000 hadi 302,000 hivi. Kila mtu analia, mimi naona nafuu: foleni imepungua, nyumba bei chee, watoto wana nafasi ya kucheza. Wenye uwezo wamehama, wamebaki walioshindwa kuondoka, na hao ndio wafaidi sasa. Karibuni.

Mama Wawili: "Walioshindwa kuondoka"? Mimi nakaa Detroit, upande wa mashariki. Jirani yangu ni bibi wa miaka themanini na kitu, wanawe wamembembeleza ahamie Texas, amekataa kata kata. Kiangazi chote anasukuma mashine kukata nyasi za nyumba tupu ya pembeni, isionekane imetelekezwa wakaingia wezi wa mabomba ya shaba. Huyo ameshindwa nini?

Mleta Hoja: Dada, nimesema kwa ujumla.

Mama Wawili: Ujumla wako umemtukana mtu mzima.

Chuma: Chanzo cha watu kuhama ni ghasia za 1967 hapa Detroit, weusi walipopambana na polisi. Watu 43 walikufa, wazungu wakakimbia, mji ukaisha.

Mzee wa Dearborn: Si kweli, mwanangu. Kufikia 1960 Detroit ilishapoteza watu karibu 180,000, miaka saba kabla ya hizo ghasia. Viwanda vilikuwa vinahamia pembezoni, na serikali ikidhamini mikopo ya nyumba huko kwa wazungu huku weusi wakinyimwa. Mtaa wa weusi wa Black Bottom ukabomolewa, na ilipokuwa Hastings Street ikapita barabara kuu ya I-375. Ukimbomolea mtu nyumba, usiseme amehama.

Kijana Ohio: Shikamoo mzee. Historia nimeielewa, ila turudi kwenye hizo nyumba. Ni kweli zinauzwa dola 500? Nina akiba kidogo.

Mama Wawili: Mnada wa kaunti ulikuwa unaanzia hapo, kweli. Uliza zilifikaje mnadani. Jiji liliwakadiria watu kodi ya majengo kupita thamani ya nyumba zao. Gazeti la Detroit News lilichimba 2020 likakuta walitozwa ziada ya angalau dola milioni 600 kati ya 2010 na 2016. Walioshindwa kulipa wakapoteza nyumba. Rafiki yangu alinunua moja bila kuingia ndani. Paa lilivuja kuanzia darini mpaka jikoni, na chumba cha nyuma kulikuwa na familia inaishi.

Mleta Hoja: Kwa hiyo mmekubali bei ni chee.

Mama Wawili: Wewe una moyo kweli?

Chuma: Msipigane. Mji ukishapungua haurudi, ndiyo hali.

Mtu wa Uvira: Nani kakwambia haurudi? Niko Buffalo, jimbo la New York. 1950 ilikuwa na watu 580,000, ikashuka hadi 261,000 mwaka 2010. Sensa ya 2020 ikakuta 278,000, imepanda mara ya kwanza kwa miaka 70. Wamechangia sana Wabangladeshi, Waburma, Wasomali na sisi Wakongo tuliotoka makambi ya wakimbizi. Jumapili tunasali kwa Kiswahili. Mji uliokufa hauna kwaya mbili zinazogombania ukumbi.

Chuma: Hongereni, lakini wageni hawajashusha bili ya maji ya mama mkwe wangu hapa Detroit.

Mzee wa Dearborn: Hapo umegusa penyewe. Mabomba yalizikwa kwa ajili ya watu karibu milioni mbili. Watu wakiondoka, bomba halifupiki. Linapasuka kwa baridi vile vile, na wanaolipia matengenezo ni hao laki sita waliobaki, wengi wao maskini. Mwaka 2014 maelfu ya kaya zilikatiwa maji kwa madeni. Mleta hoja, nafuu yako iko wapi hapo?

Mleta Hoja: Mzee, mimi sikuzungumzia maji. Nilizungumzia nafasi. Na huyo wa kwaya anahesabu wageni kama dawa.

Mtu wa Uvira: Dawa siyo. Sisi ni watu, tunalipa kodi, tunapaka rangi nyumba zilizokuwa zimepigwa mbao madirishani. Futa hilo neno.

Kijana Ohio: Jamani, ninunue au nisinunue?

Mzee wa Dearborn: Lipa mkaguzi kwanza aingie ndani. Uliza deni la kodi na la maji. Na ukinunua, hamia mwenyewe.